Nyanya Mbichi na Jibini ya Nyumbani

Nyanya haikosekani katika jiko la Kampala hata siku moja, lakini ni nyumba chache zinazoijua ladha yake. Desturi ya wengi ni kuikata, kuitupa juu ya kitunguu kinachokaangwa, na kuiponda kwa mwiko mpaka ikapoteza umbo. Kazi yake huwa ni kuupa mchuzi rangi na uzito, na ikiisha kazi hiyo hakuna anayeikumbuka. Mkazi wa mji huu hukutana na nyanya mbichi mahali pawili zaidi ya pengine: katika kachumbari inayowekwa kando ya muchomo wakati wa jioni, na ndani ya rolex, yaani ile chapati iliyokunjiwa mayai ambayo vijana wa Wandegeya wameipatia jina kubwa. Mahali pote pawili nyanya imekatwa na mkono wa mtu mwingine, na imeoshwa kwa maji ambayo mlaji hakuyaona.

Iko namna nyingine ya kuila nyanya mbichi, nayo yafaa sana kwa chakula cha mchana siku ya jua kali, wakati ambapo hakuna mtu anayetaka kukaa karibu na sigiri. Chakula hiki asili yake ni Italia, na kimepewa jina la kisiwa cha Capri kilicho karibu na mji wa Napoli. Nyanya zilizoiva hukatwa vipande vya duara, zikapangwa katika sahani pamoja na vipande vya jibini nyeupe iliyo mbichi, kisha yakatiwa juu yake majani ya mrihani, chumvi kidogo na mafuta ya zeituni. Basi, hakuna zaidi. Waitalia hujivunia kwamba nyekundu, nyeupe na kijani za sahani hiyo ni rangi za bendera yao.

Jibini wanayoitumia huitwa mozzarella. Katika wilaya za kusini mwa Italia iliyo bora hutengenezwa kwa maziwa ya nyati. Hapa askari waliowahi kufanya kazi karibu na mbuga za wanyama huenda wakashangaa, wakikumbuka mbogo walivyo wakali. Lakini nyati wa Italia ni mnyama wa kufugwa, jamaa ya wale wanaolima mashamba ya mpunga kule Bara Hindi. Mbogo wa Afrika hajapata kukubali kukamuliwa na mtu yeyote.

Katika maduka makubwa ya Kampala mozzarella hupatikana. Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa koplo, hata hivyo, kipakiti kimoja kidogo ni sawa na bei ya lita kadhaa za maziwa, na watoto sita hukimaliza kabla baba hajaketi. Jambo hilo ni la kusikitisha, kwa kuwa Uganda si nchi yenye upungufu wa maziwa. Kila siku magari yenye matangi hutoka upande wa Mbarara na Kiruhura kuleta maziwa mjini, na katika mitaa mingi liko duka lenye pipa la baridi ambapo mtu huenda na chombo chake akapimiwa. Wafugaji wa Ankole kwa desturi yao hawakutengeneza jibini. Maziwa yao waliyagandisha, wakayasukasuka, wakapata samli, nayo hutumika katika eshabwe, ile rojo nyeupe ambayo karamu ya kwao haikamiliki bila yake. Lakini jibini mbichi si kazi ngumu. Mwenye sufuria, ndimu na kitambaa safi anaweza kuitengeneza kwa muda wa saa mbili, na sehemu kubwa ya muda huo ni ya kungoja.

Kabla ya kufika huko, hapana budi kusema jambo moja ambalo kurasa nyingi za mapishi hulipita haraka. Katika chakula cha kawaida moto ndio mlinzi wa familia. Mchele wenye vumbi, nyama iliyotembelewa na nzi, nyanya iliyooshwa vibaya, vyote hupita penye moto, na moto huua vijidudu vingi vilivyoponyoka jicho la mpishi. Katika saladi mlinzi huyo ameondolewa penye lango. Chochote kilichokuwa juu ya ganda la nyanya, juu ya kisu, juu ya ubao au katika vidole, kitaingia kinywani kama kilivyo. Saladi hii, kwa hiyo, ni rahisi kwa upande wa upishi tu. Kwa upande wa usafi inadai uangalifu kuliko pilau.

Wakazi wa Kampala hawana haja ya kukumbushwa sana. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2015 homa ya matumbo, yaani taifodi, iliuingia mji huu ikakaa mpaka katikati ya mwaka. Watu zaidi ya 10,000 walishukiwa kuwa nayo. Wataalamu wa afya waliochunguza chanzo chake waliona kwamba njia yake kubwa ilikuwa maji ya kunywa yaliyochafuka pamoja na vinywaji vilivyouzwa barabarani, ambavyo vilitengenezwa kwa maji ya namna hiyo hiyo. Waliougua hawakula kitu cha ajabu. Walikunywa maji na maji ya matunda siku ya joto, kama kila mtu afanyavyo. Maji yanayoweza kuharibu glasi ya maji ya pasheni yanaweza vile vile kuiharibu nyanya inayooshwa kwayo.

Mpishi na aanze sokoni. Nakasero, Kalerwe, Nakawa na Owino kote nyanya hupangwa kwa mafungu, na wauzaji kwa kawaida husifu zile ngumu.

“Nyabo, chukua hizi, ngumu, zitakaa wiki nzima,” husema muuzaji.

“Mama, nipe zilizoiva za leo. Nataka kuzila mbichi,” na ajibiwe hivyo.

Muuzaji hadanganyi. Nyanya ndefu zenye ganda nene zimependwa na wakulima na wachukuzi kwa sababu zinavumilia masanduku ya mbao na barabara mbaya, nazo ni nzuri kwa mchuzi. Kwa saladi, nyanya ya duara, nzito mkononi, yenye ganda jembamba na maji mengi, ina faida kubwa zaidi. Inusiwe penye kikonyo. Nyanya iliyoivia shambani hunukia kama majani ya mnyanya. Ile iliyochumwa kijani ikabadilika rangi njiani hainukii kitu. Iliyopasuka isinunuliwe hata ikiwa bei imepunguzwa, maana ufa ni mlango wa vijidudu, na hakuna kuosha kunakofika ndani ya ufa. Nyanya hiyo ya bei ndogo iende katika mchuzi, penye moto.

Nyumba isiyopata zilizoiva inaweza kununua zilizoanza kugeuka rangi, ikaziweka ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu moja au mbili. Ndizi inayoiva hutoa hewa inayoziivisha jirani zake, na kwa siku mbili tatu nyanya zitakuwa tayari. Nyumba yenye jokofu isizitie humo zikiwa nzima. Baridi kali huua harufu ya nyanya na kuifanya nyama yake kuwa kama unga uliolowa. Watu wengi wanaosema kwamba nyanya za siku hizi hazina ladha wamezilaza jokofuni wao wenyewe.

Baadhi ya nyanya za sokoni huonekana zina vumbi jeupe lenye kuelekea rangi ya kibuluu au ya manjano. Hilo si vumbi la barabara. Mara nyingi ni mabaki ya dawa ya kuvu, na inayotumiwa zaidi nchini huitwa mankozebu. Mkulima hawezi kulaumiwa kwa kuitumia, kwa kuwa katika majira ya mvua ugonjwa wa baka unaweza kulimaliza shamba lote la nyanya kwa siku chache. Kosa ni kupulizia karibu mno na siku ya kuchuma, ili nyanya zikae bila kuoza mpaka ziuzwe. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoendelea kuiruhusu dawa hiyo katika nchi zake kwa sababu ya madhara yake kwa afya ya binadamu. Habari iliyo njema ni kwamba dawa hii hukaa zaidi juu ya ganda. Utafiti juu ya nyanya za Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba hata kuosha kwa maji peke yake hupunguza mabaki hayo.

Kuosha, basi, kufanywe mara mbili. Mara ya kwanza nyanya zioshwe moja moja chini ya maji yanayotiririka, zikisuguliwa kwa vidole mpaka vumbi lote liondoke, hasa katika kishimo cha kikonyo ambamo dawa hujikusanya. Penye bomba la pamoja linalotumiwa na nyumba nyingi, kama ilivyo katika makambi, mtungi wenye mdomo unaoinamishwa na mtoto hufanya kazi hiyo vizuri kuliko beseni, kwa sababu maji ya beseni hurudisha uchafu wa nyanya ya kwanza juu ya nyanya ya kumi. Mara ya pili zioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa kidonge cha klorini kwa kipimo kilichoandikwa pakitini. Sabuni isitumike. Maji nayo yasiwe ya baridi sana: nyanya yenye joto la jua ikitumbukizwa katika maji ya barafu huyanywa maji hayo kupitia penye kikonyo, pamoja na chochote kilichomo.

Nyumba yenye watoto wadogo, au mgonjwa, yafaa iende hatua moja mbele na kuzimenya nyanya. Hutiwa mkato mdogo wa msalaba upande wa chini, zikazamishwa katika maji yanayochemka kwa muda wa nusu dakika, zikahamishiwa katika maji safi yaliyopoa. Ganda hujivua lenyewe kama soksi. Linalobaki ndani bado ni nyanya mbichi kwa ladha, na ganda limekwenda na dawa yake.

Sasa maziwa. Kwa watu sita zatosha lita mbili, na maziwa hayo yawe ya siku ile ile. Yanayouzwa kwa kupimwa mara nyingi hayajachemshwa, na kila mama wa Kampala hujua kwamba huchemshwa nyumbani. Lakini si kila mtu ajuaye sababu yake. Mojawapo ni ugonjwa wa brusela. Katika ng'ombe ugonjwa huu huleta kutupa mimba. Katika binadamu huleta homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku, na maumivu ya viungo na mgongo, hata mgonjwa hudhani ni malaria. Humeza dawa ya malaria, akapata nafuu siku mbili, homa ikarudi. Mtu anaweza kuzunguka na homa hiyo kwa miezi, akionekana mbele ya wakubwa wake kama mvivu anayekwepa gwaride, kumbe anaumwa. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita katika maziwa mabichi. Yote mawili hushindwa na kuchemsha, na uzuri wa jibini ya ndimu ni kwamba haiwezi kutengenezwa pasipo kuchemsha. Mozzarella ya kweli yaweza kutengenezwa kwa maziwa ambayo hayajachemka kamwe. Hii ya nyumbani haina njia hiyo ya mkato.

Maziwa yaliyokwisha kuchacha yenyewe yasitumiwe kwa kazi hii, hata kama yanaonekana yamejikata vizuri yakiwa motoni. Viko vijidudu ambavyo, vikipata muda katika maziwa yenye joto, huacha sumu isiyoondolewa na kuchemsha. Maziwa ya pakiti yaliyopashwa moto kidogo kiwandani yafaa. Yale ya kukaa miezi bila jokofu hutoa chembe laini mno zisizoshikana vizuri, kwa hiyo ni afadhali kuyaacha kwa chai.

Lita mbili hizo ziwekwe katika sufuria nzito, juu ya moto wa wastani, na zikorogwe kila mara zisishike chini, maana harufu ya maziwa yaliyoungua huifuata jibini mpaka mezani. Wakati huo ndimu nne au tano zikamuliwe na maji yake yachujwe. Yakifika vijiko vinne vya chakula yametosha, na kijiko cha tano kiwekwe akiba. Siki nyeupe nayo hufaa, ila harufu yake hukaa zaidi. Maziwa yakichemka na kuinuka, moto upunguzwe, yaachwe yatokote pole pole kwa dakika chache, kisha sufuria iepuliwe.

Baada ya dakika mbili maji ya ndimu yaanze kutiwa, kijiko baada ya kijiko, huku mwiko ukizungushwa taratibu. Haraka hapa haina faida. Mwenye kukoroga kwa nguvu huvunja chembe zikawa kama mchanga. Kwanza hakutaonekana kitu. Kisha ghafla maziwa yatakatika: mabonge meupe yatajitenga, na maji yaliyobaki yatakuwa ya manjano yenye kielekeo cha kijani. Hiyo ndiyo ishara. Ikiwa maji bado ni meupe kama maziwa, kijiko cha akiba kitiwe. Kinachotokea humo si uchawi. Sehemu kubwa ya utomvu unaojenga mwili katika maziwa ya ng'ombe ni wa aina iitwayo kaseini, ambayo huelea kwa amani maadamu maziwa ni matamu. Ukali wa ndimu ukizidi, kaseini hushindwa kuelea, ikashikana, ikachukua na mafuta ya maziwa pamoja nayo.

Sufuria ifunikwe dakika kumi. Kitambaa cheupe chepesi, kilichochemshwa na kukamuliwa, kitandazwe juu ya chujio, na chini yake iwekwe sufuria nyingine. Mabonge yamiminwe humo pole pole, kisha yamwagiwe vikombe viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa, ili ukali wa ndimu uondoke. Hatua hii huachwa na wengi, na ndiyo inayotenga jibini tamu na jibini chachu. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kichanganywe humo kwa uma. Ncha za kitambaa zikusanywe, zifungwe, na furushi litundikwe juu ya chombo kwa nusu saa, mahali ambapo nzi hawafiki.

Furushi hilo ni shahidi mwaminifu. Lita mbili za maziwa halisi hutoa kiasi cha gramu 300 za jibini, na maziwa yaliyoongezwa maji hutoa pungufu. Katika maduka mazuri kipimo cha laktomita huzamishwa katika maziwa mbele ya mnunuzi. Maziwa ya ng'ombe yasiyoongezwa kitu huonyesha kati ya 28 na 32 hivi. Penye duka lisilo na kipimo, kitambaa hutoa hukumu hiyo hiyo, ila kwa kuchelewa, baada ya fedha kulipwa. Mpishi aliyepata konzi moja tu ya jibini kutoka lita mbili ajue kwamba amenunua maji ya bomba kwa bei ya maziwa, na kesho abadili duka.

Baada ya nusu saa furushi liwekwe juu ya ubao safi, lifinyangwe liwe kama mkate wa duara, bado likiwa ndani ya kitambaa, na juu yake iwekwe sahani yenye sufuria ndogo ya maji. Kwa saladi uzito usizidi, na saa moja yatosha. Jibini iwe imeshikana kiasi cha kukatika kwa kisu, lakini ikibonyezwa ibonyee na iwe na unyevu. Ikibanwa usiku kucha huwa ngumu kama ile ambayo Wahindi huikata vipande vya pembe nne na kuipika katika mchuzi wa mchicha. Kwao jibini ya namna hii ni ya siku nyingi na huitwa paneer. Hata neno kachumbari lenyewe lilitoka kwao, likavuka bahari, likawa letu.

Ni haki kusema wazi kwamba jibini hii si mozzarella. Mozzarella hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka katika tumbo la ndama, ikaachwa ichachuke kwa kiasi maalumu, kisha ikakandwa katika maji ya moto mpaka ikavutika kama ulimbo. Kwa sababu hiyo huyeyuka na kufanya nyuzi juu ya mkate. Jibini ya ndimu haivutiki wala haiyeyuki, hata ikichomwa. Lakini katika sahani baridi hakuna anayeitaka iyeyuke. Inayotakiwa ni weupe, ulaini, na ladha ya maziwa isiyoshindana na nyanya, na hayo yote inayo.

Nyanya sita kubwa zikatwe kwa kisu kikali, unene wa kidole kidogo. Kisu na ubao visiwe vile vilivyotoka kukatia nyama au kuku mbichi. Penye kisu kimoja tu, nyanya zikatwe kwanza na nyama baadaye. Mikono ioshwe kwa sabuni. Vipande vya nyanya na vya jibini vipangwe kwa kupokezana katika sahani pana, kimoja kikiegemea kingine. Juu yake yatiwe mafuta vijiko viwili. Ya zeituni ndiyo yenyewe, lakini ni ya gharama. Mafuta ya alizeti inayolimwa upande wa Lira hufanya kazi bila kuona haya, na tone la mafuta ya simsim huongeza harufu nzuri. Mafuta si pambo tu, kwani rangi nyekundu ya nyanya, ambayo wataalamu wa lishe huisifu, huingia mwilini vizuri zaidi ikifuatana na mafuta. Chumvi na pilipili manga vinyunyizwe mwisho, chakula kikiwa tayari kwenda mezani. Chumvi ikitangulia nusu saa huivuta nyanya maji yake yote, na jibini hubaki ikiogelea.

Kuhusu majani, mrihani wa Kiitalia huuzwa Nakasero, nao ni ndugu wa mrihani ambao wanawake wa pwani huutia katika vikuba pamoja na asumini. Lakini katika nyua nyingi za Buganda umo mujaja, unaotiwa katika chai, nao ni wa ukoo ule ule. Harufu yake ni kali na inaelekea karafuu. Majani mawili machanga yaliyokatwa hadi kuwa nyuzi hutosha sahani nzima. Matano yataifanya saladi kuwa dawa ya kikohozi. Yaoshwe kama nyanya zilivyooshwa, maana jani nalo haliendi motoni.

Wapo watakaotaka kitunguu. Mwitaliano angekataa, lakini yeye hayupo mezani. Kitunguu chekundu kikatwe chembamba sana, kisuguliwe kwa chumvi, kisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa, na kiwekwe kidogo. Pilipili mbichi iwe katika kisahani chake, kila mtu ajitwalie kwa kadiri ya ushujaa wake. Ndimu isiongezwe juu ya jibini. Imekwisha kufanya kazi yake.

Katika nyumba za askari na polisi liko jambo moja linalohitaji kuamuliwa mapema. Mara nyingi mmoja wa nyumba yuko lindo, na atarudi saa nne za usiku au alfajiri. Desturi njema ni kumwekea chakula chake kikiwa kimefunikwa. Wali na maharage vitapashwa moto. Saladi iliyokwisha kukatwa na kutiwa chumvi haipashwi, na nyanya iliyokatwa pamoja na jibini mbichi vikikaa katika joto la nyumba zaidi ya saa mbili huwa shamba zuri la vijidudu. Basi asiwekewe sahani iliyokamilika. Awekewe nyanya mbili nzima zilizooshwa, na kipande cha jibini kikiwa kizima ndani ya bakuli lenye maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, lililofunikwa na kuwekwa jokofuni. Akirudi atakata mwenyewe. Kazi hiyo ni ya dakika tatu, na mtu aliyeweza kuifungua na kuifunga bunduki gizani hawezi kushindwa na nyanya. Jibini ikiwa katika maji hayo jokofuni hukaa siku mbili. Penye nyumba isiyo na jokofu iliwe yote siku ile ile, na afadhali zitengenezwe lita moja badala ya mbili kuliko kuhesabia bahati.

Yamebaki maji ya manjano katika sufuria ya chini, yapata lita moja na nusu. Yasimwagwe. Yana sukari ya maziwa na kiasi cha utomvu ulioponyoka kitambaa, na uchachu wake mdogo ni mzuri katika unga. Yakitumiwa mahali pa maji kukandia chapati, donge huwa laini na chapati hubaki nyororo mpaka jioni. Yanayozidi yapikiwe posho ya watoto. Mpishi mwenye mpango hukanda unga wake wakati furushi bado linaning'inia, akaziweka chapati juu ya sigiri jibini inapobanwa, na sahani ya nyanya ikifika mezani, chapati za moto ziko tayari kufutia maji mekundu yaliyobaki chini yake.